Mtindi usiku: Charaka alisema nini hasa?

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kila ukipotea unarudi na picha mpya: usile mtindi usiku, Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, imekataza. Chini yake huwekwa mlolongo wa magonjwa, kuanzia mafua hadi vidonda vya ngozi, na mara nyingi mwishoni yupo mtu anayeuza unga wa majani ndani ya kopo. Wasomaji hugawanyika. Wapo wanaoogopa na kuacha mtindi jumla, na wapo wanaocheka na kuendelea na bakuli lao. Wote wameletewa nusu ya sentensi.

Sentensi nzima imo katika Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha tiba cha Wahindi chenye jina la tabibu Charaka, ambacho kiini chake kina umri wa karibu miaka 2000. Iko katika sehemu ya kwanza, sura ya 7, inayoeleza mwenendo wa mtu anayetaka kulinda afya yake. Mtindi usiliwe usiku, inasema, kisha inaendelea papo hapo: usiliwe bila samli au sukari, bila mchuzi wa choroko, bila asali, bila tunda la amla, na usiliwe ukiwa umepashwa moto. Anayepuuza masharti haya anaonywa juu ya homa, kutokwa na damu, magonjwa ya ngozi, upungufu wa damu, kizunguzungu na ugonjwa wa macho na ngozi kugeuka manjano.

Ukiisoma hivyo, katazo la usiku linabaki kuwa sharti moja kati ya kadhaa, na mengine yote yanahusu kitu cha kuchanganya na mtindi na namna ya kuuandaa. Mwandishi anazungumza na mtu atakayekula mtindi, wala hana shaka kwamba atakula. Mimi nasimama hapo: kanuni za Ayurveda kuhusu mtindi zinasaidia zikichukuliwa kama maelekezo ya jikoni, na zinaharibu zikigeuzwa vitisho.

Mtu atauliza kwa nini wataalamu hawa waliutilia mtindi shaka kiasi hicho. Msingi wa fikra yao ni kwamba tumboni mna moto, agni, ndio unaopika chakula mara ya pili. Moto ukiwa mzuri, chakula kinakuwa nguvu. Ukizidiwa na chakula kizito, kinabaki kitu kibichi kinachonata, ama, na kutoka hapo maradhi huanza. Juu ya hilo mwili unaendeshwa na dosha tatu: vata, ambayo ni ya upepo na ukavu, pitta, ya joto na uchachu, na kapha, ya uzito na ute. Mtindi kwa vipimo hivyo ni mchachu, mzito, na una tabia ya kuziba njia za mwili. Unatuliza vata na kupandisha kapha na pitta. Mtu mkavu, mwembamba, mwenye tumbo linalojaa upepo, ananufaika nao. Mtu mnene mwenye makamasi hanufaiki sana.

Lakini Charaka huyohuyo anausifu. Katika sura ya 27 ya sehemu ileile anasema unaleta hamu ya kula na nguvu, na unawafaa waliokonda, wenye kuhara, wenye homa za kuja na kuondoka, wasiotamani chakula, na wenye mafua ya muda mrefu. Ndiyo, mafua. Ugonjwa ambao ujumbe wa simu unasema mtindi huuleta, Charaka ameuweka kwenye orodha ya magonjwa ambayo mtindi unayafaa. Anayesambaza onyo hilo kwa jina la Charaka hajamsoma.

Kuna jambo jingine linalomshangaza kila anayekutana nalo kwa mara ya kwanza. Kwa Ayurveda mtindi ni chakula cha moto. Muulize mtu yeyote wa Mombasa au wa Chennai atakwambia mtindi unapoza; jua likichoma, glasi ya mtindi baridi ndiyo dawa. Vitabu vinasema kinyume: ladha yake ni chachu, na chachu huamsha joto mwilini, kwa hiyo nguvu ya mtindi ni ya joto hata kama ulimi umeusikia baridi. Kutokana na hilo Charaka anauona haufai majira ya kiangazi, ya machipuko na ya baada ya mvua, na kinachobaki ni miezi ya baridi na miezi ya mvua. Hizo ni nyakati za India ya kaskazini, zenye baridi ya kweli mwezi wa Januari na joto la kutisha mwezi wa Mei. Mtu wa Tanga anayehesabu mwaka wake kwa masika, kipupwe, vuli na kaskazi akiinakili kalenda hiyo kama ilivyo atakuwa anafuata hali ya hewa ya watu wengine.

Je, kuna kipimo cha maabara kinachoonyesha mtindi unapandisha joto la mwili? Nguvu ya joto inayotajwa na Ayurveda haikukusudiwa kupimwa kwa kipimajoto. Ni mpangilio wa tabia za vyakula, unaoshikana vizuri ndani yake wenyewe, na tusiutake useme kisichokuwemo. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu mwenye kiungulia akila mtindi uliochachuka sana mara nyingi hujuta, na mwenye kiungulia hahitaji kujua habari za pitta ili kukubaliana na Charaka juu ya hilo.

Wahindi wenyewe hawajawahi kuvitii vitabu hivi herufi kwa herufi. Tamil Nadu mlo mkubwa hauishi bila wali uliochanganywa na mtindi, ukakolezwa kwa mbegu za haradali zilizopasuliwa kwenye mafuta ya moto, tangawizi, pilipili mbichi na majani ya mchuzi, na nyumba nyingi huula usiku bila wasiwasi wowote. Gujarat wana kadhi, mchuzi wa mtindi na unga wa dengu unaochemshwa jikoni hasa, wakati Charaka amesema usipashwe moto. Bengal wanapika samaki ndani ya mtindi, chakula cha heshima kinachowekwa mbele ya wageni, ingawa imani iliyoenea kote India ni kwamba samaki na maziwa havikai pamoja. Na mtoto anayekwenda kufanya mtihani hulishwa kijiko cha mtindi wenye sukari mlangoni, apate baraka. Sukari ile, kwa bahati au kwa kusudi, inatimiza sharti la Charaka.

Hapo sioni ukaidi. Ukiangalia vizuri, mapishi haya yanafanya kazi ileile iliyotakiwa na vitabu: mtindi unawekewa kitu cha kuusindikiza. Tangawizi na haradali kwenye wali wa Kitamil, maji na viungo kwenye kadhi. Kinachokosekana kabisa ni bakuli la mtindi mtupu, baridi kutoka kwenye friji, saa nne usiku mbele ya televisheni.

Sehemu ambayo naona Ayurveda imetuzidi maarifa ni katika kutouchukulia mtindi kama kitu kimoja. Mtindi ambao haujaganda sawasawa, uliokwama katikati, umelaumiwa kuliko wote. Unavuruga dosha zote tatu kwa mpigo. Bhavamishra, tabibu wa karne ya 16, anataja aina 5 za mtindi uliopekechwa na kuzitenganisha kwa maji na mafuta: usiotiwa maji na uliobaki na utando wake, usiotiwa maji na ulioenguliwa utando, wenye robo ya maji, wenye nusu ya maji, na ule mwepesi uliojaa maji na kuondolewa mafuta kabisa. Aina yenye maji robo ndiyo anayoiita takra, ingawa Sushruta, tabibu aliyemtangulia kwa karne nyingi, aliifanya takra kuwa ya maji nusu kwa nusu na siagi kutolewa. Wanatofautiana juu ya kipimo, lakini wanakubaliana kwamba ukitoa mafuta, ukaongeza maji na kuupiga, umepata kitu kingine. Mtindi ni mzito, takra ni nyepesi. Mtindi unaziba, takra inawasha moto wa tumbo. Charaka anaisifu takra katika matibabu ya bawasiri kiasi cha kusema bawasiri iliyoondolewa nayo hairudi, dai ambalo nisingependa mtu mwenye kutokwa na damu alitegemee badala ya kwenda hospitali.

Takra ndiyo chaas ya Wagujarati, na kwa njia hiyo habari hii ina mlango wa kuingilia Afrika Mashariki. Mji wa Jamnagar, magharibi ya Gujarat, una chuo kikuu cha Ayurveda tangu miaka ya 1960, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha hapo kituo chake cha dunia cha tiba asili. Vijiji vinavyouzunguka mji huohuo ndiko walikotoka Waoshwal wengi wa Kenya, jamii ya Wagujarati. Chaas inayomiminwa mchana kwenye nyumba za Parklands, Nairobi, au Kisutu, Dar es Salaam, ilisafiri na watu hao, na haikuhitaji tabibu kuiandikia.

Kuitengeneza hakuna fumbo. Kikombe kimoja cha mtindi wa jana kinatiwa kwenye chombo kirefu pamoja na vikombe vitatu vya maji. Upekecho unazungushwa kati ya viganja, kulia na kushoto, mpaka povu linapanda na chembe za siagi zinaelea juu. Hizo zinaenguliwa na kuwekwa kando, hakuna anayetupa siagi. Bizari nyembamba, wengine huiita jira, inakaangwa kavu kwenye kikaango mpaka ibadilike rangi na harufu ijae jikoni, kisha inatwangwa ikiwa bado ya moto. Kijiko kidogo chake, chumvi nyeusi kidogo yenye harufu ya yai la kuchemsha, majani ya kotimiri yaliyokatwa, na kipande cha tangawizi kama ipo. Inanywewa katikati ya mlo au mwishoni, mchana, kwa glasi ya chuma. Anayetaka kufuata vitabu zaidi anaambiwa hivi: mwenye vata atie chumvi, mwenye pitta atie sukari, mwenye kapha atie tangawizi, pilipili manga na pilipili ndefu.

Ni kweli Sushruta anaikataza hata takra wakati wa joto kali, pamoja na kwa mwenye kidonda, mdhaifu na mwenye kizunguzungu. Gujarat mwezi wa Mei joto linapita nyuzi 40 na kila mtu anakunywa chaas. Katika ugomvi huo mimi niko upande wa watu wa Gujarat. Mwili unaotoka jasho siku nzima unahitaji maji na chumvi, na kinywaji hicho kina vyote viwili.

Sayansi ya leo inasemaje? Inaunga mkono sehemu, kwa sababu zake. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, karibu gramu 5 katika kila gramu 100. Ili kuimeng'enya unahitaji kimeng'enya cha laktasi, na watu wazima walio wengi duniani, karibu theluthi mbili, hupungukiwa nacho baada ya utoto. Laktosi isiyomeng'enywa inashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanaila, gesi inatoka, tumbo linanguruma. Mtindi unaliepuka tatizo hili kwa njia mbili. Bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya laktosi kabla hujaonja. Waliobaki hai wanaingia tumboni na laktasi yao na kuendelea na kazi humo ndani. Mwaka 1984 watafiti wa Minnesota, Marekani, waliwapa watu wasiovumilia laktosi kiasi kilekile cha laktosi, mara kwa maziwa na mara kwa mtindi, wakapima hewa ya haidrojeni kwenye pumzi zao. Baada ya mtindi ilikuwa karibu theluthi moja tu ya ile ya maziwa. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba mtindi wenye bakteria hai unasaidia kumeng'enya laktosi, sharti bakteria hao wawemo angalau milioni 100 katika gramu moja.

Kwetu habari hii ina uzito wake. Mwaka 2007 timu ya mtafiti wa jeni Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania na Kenya wana mabadiliko yao wenyewe ya jeni, tofauti na yale ya Wazungu, yanayowaruhusu kunywa maziwa ukubwani bila shida. Jirani yao ambaye mababu zake walikuwa wakulima au wavuvi huenda hana. Huyo ndiye anayesema "maziwa yananisumbua" lakini mtindi anaula, na hana haja ya kujiona wa ajabu. Ukiongeza maji, kama wanavyofanya kwenye chaas, kila glasi inakuwa na laktosi kidogo zaidi, na mafuta yakishaenguliwa tumbo linamaliza kazi mapema. Wepesi unaotajwa na Ayurveda unaeleweka hata na asiyeamini agni.

Mahali ambapo sayansi haiungi mkono ni kwenye makamasi. Mwaka 1990 huko Australia watu waliojitolea waliambukizwa virusi vya mafua kwa makusudi, wakaandika walichokula na kunywa, na kamasi zao zikapimwa kwa mizani. Waliokunywa maziwa mengi hawakutoa kamasi nyingi zaidi. Kilichopendeza ni kwamba walioamini maziwa yanaleta makamasi walilalamika zaidi, ingawa mizani haikuona tofauti. Huo ulikuwa uchunguzi wa maziwa, si wa mtindi, lakini mzazi anayemnyima mtoto mtindi wiki nzima kwa sababu ya kikohozi hana ushahidi mkononi.

Na usiku? Nadhani katazo lilikuwa na akili yake mahali lilipotoka. Katika nchi ya joto isiyo na friji, mtindi ulioganda alfajiri ukifika usiku umechachuka vibaya. Tena chakula chochote kizito ukikilalia muda huohuo, asidi hupanda kooni, na mwenye kiungulia huambiwa na daktari aache muda wa saa 2 au 3 kati ya mlo na kitanda. Mtindi wenye mafuta mengi ni chakula kizito. Basi kama tumbo lako linakusumbua, ule mchana. Kama halikusumbui, bakuli dogo saa moja jioni halitakuletea ugonjwa wa ngozi.

Ningependa nguvu inayotumika kubishana juu ya saa ihamie kwenye maziwa yenyewe. Nyumbani India mtindi hugandishwa kutokana na maziwa yaliyochemshwa. Yanaachwa yapoe mpaka kidole kivumilie, kinatiwa kijiko cha mtindi wa jana, chombo kinafunikwa na kuachwa mahali penye joto kwa saa 6 hadi 8. Kwetu sehemu nyingi maziwa mabichi huachwa tu yachachuke yenyewe, na uchachu peke yake hauui kwa uhakika vijidudu vya brusela, ugonjwa unaotupisha mimba mifugo na kumpa binadamu homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo. Mtindi wa namna hiyo ni hatari asubuhi kama ulivyo hatari usiku. Chemsha kwanza, kisha gandisha.

Wa dukani nao una mambo yake. Baadhi hupashwa moto baada ya kuganda ili ukae miezi bila friji, na hapo bakteria wameshakufa. Ni chakula, ila ile kazi ya kusaidia laktosi imepungua sana. Mwingine una sukari ya kutosha kuwa soda yenye rangi nyeupe. Na kuna ule wa ndizi, ambao ungemwudhi Vagbhata, tabibu wa Ayurveda wa karne ya 7, kwani kwenye orodha yake ya vyakula visivyopatana ameandika ndizi pamoja na mtindi. Sijapata sababu ya kitabibu ya kulikubali hilo. Anayejisikia vizuri na ndizi yake aendelee.

Kuhusu unga wa kwenye kopo, nina maneno makali zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Ushauri wa Ayurveda juu ya chakula unaweza kuujaribu jikoni na kuuacha kesho usipokupatana. Risasi ikishaingia kwenye mifupa haiachiki hivyo. Vilevile mtoto anayeharisha, hata kama Charaka anauruhusu mtindi, anahitaji maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, na mtu anayepungua uzito bila sababu au kuona damu chooni anahitaji vipimo.

Ipo pia hali moja ya vyakula kutopatana ambayo mfamasia yeyote anaijua na ambayo sijaiona kwenye ujumbe hata mmoja wa WhatsApp. Kalsiamu iliyomo kwenye mtindi inashikana na dawa aina ya tetrasaiklini na siprofloksasini, ile ambayo watu huiita sipro, na sehemu kubwa ya dawa inapita bila kuingia kwenye damu. Ukiandikiwa sipro, meza kidonge kwa maji, na utenganishe na mtindi: kidonge kitangulie kwa muda wa angalau saa 2, au kije saa 6 baada ya bakuli.